Goli la chuma bila mzigo nyuma, huo ni mtego

APRILI 1, 1998, dunia nzima ilidhani ni utani wa Siku ya Wajinga. Mashabiki wa Real Madrid walikuwa wameupanda uzio wa nyuma ya goli kwenye Uwanja wa Santiago Bernabéu, wakisubiri nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Borussia Dortmund, waliokuwa mabingwa watetezi. Uzio ukalemewa, ukalala. Kwa kuwa nyavu zilikuwa zimefungwa kwenye uzio huohuo, goli zima likavutwa likaenda chini mbele ya kamera za televisheni.

Mechi ilichelewa kwa zaidi ya saa moja. Ikabidi goli jingine lifuatwe kwenye uwanja wa mazoezi wa klabu, libebwe mpaka Bernabéu, lisimamishwe na kukaguliwa. Madrid wakashinda 2-0, mabao ya Fernando Morientes na Christian Karembeu, na mwezi uliofuata wakabeba kombe.

Si mara ya kwanza kwa goli kuigomea mechi kubwa. Aprili 3, 1971, kule Ujerumani, Borussia Mönchengladbach na Werder Bremen walikuwa 1-1 dakika za mwisho, mshambuliaji Herbert Laumen akaangukia ndani ya nyavu na nguzo ya mbao ikakatika. Haikutengenezeka. Bremen wakapewa ushindi mezani, na magoli ya mbao yakaanza kuondolewa kwenye ligi ile. Katika Kombe la Dunia 1994 nchini Marekani, Mexico na Bulgaria nao walisimama kwa dakika kadhaa baada ya Marcelino Bernal kuingia na nyavu na goli kuvunjika. Lililetwa jingine fasta, mechi ikaisha kwa matuta na Bulgaria wakasonga mbele.

Mashabiki wanazikumbuka mechi hizo kwa kicheko kwa sababu hakuna aliyekufa. Lakini yapo magoli mengine yaliyoanguka kwenye viwanja vya shule na vya mitaa, bila kamera wala mashabiki, na yaliyotokea hapo hayachekeshi.

MILINGOTI YA MKONGE NA BOMBA LA INCHI NNE

Ukishuka Korogwe kwenye barabara kuu inayotoka Segera kwenda Mombo na Same, unaingia Manundu, kata iliyo ndani ya mji. Huku mpira ni chakula cha jioni. Wapo wa Simba, wapo wa Yanga, na kwa kuwa ni mkoa wa Tanga, wapo wakongwe wanaokusimulia Coastal Union ya mwaka 1988 iliyotwaa ubingwa wa Bara kana kwamba ilikuwa wiki iliyopita.

Mji umezungukwa na mashamba ya mkonge. Kwa hiyo kwa vizazi vingi goli la mtoto wa huku halikuhitaji fundi. Mkonge ukishazeeka huchomoza mlingoti mrefu katikati, mlingoti ukikauka unakuwa mwepesi kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne anaubeba begani. Miwili inachimbiwa, wa tatu unalazwa juu. Ukikosekana wa kulaza juu, inafungwa kamba ya katani.

Sheria ya kwanza kati ya 17 za soka inakataza kamba kutumika mahali pa mtambaa panya. Mwamuzi wa ligi hawezi kuikubali. Ila ukweli mmoja uko wazi: kamba ya katani haijawahi kumvunja mtu fuvu. Na mlingoti wa mkonge ukimwangukia mtoto, anasugua kichwa, wenzake wanamcheka, mpira unaendelea.

Mambo yanabadilika timu inapopata mfadhili. Mtu mwema anatoa hela, fundi wa kuchomelea anapewa kazi, na wiki moja baadaye uwanja una magoli mapya ya bomba la chuma, yamepakwa rangi nyeupe, yanang'aa. Kwa kuwa uwanja uleule una gwaride la shule asubuhi, mkutano wa hadhara mwezi ujao na ng'ombe wanaopita jioni, magoli yanatengenezwa ya kuhamishika. Hayachimbiwi. Yanakaa juu ya ardhi kwa miguu yake ya nyuma.

Hapo ndipo hatari inapoingia uwanjani, na inaingia ikiwa imevaa sura ya maendeleo.

HESABU YA NDOO MOJA YA MAJI

Goli la watu wazima lina upana wa mita 7.32 na urefu wa kwenda juu mita 2.44. Jumlisha mtambaa panya na nguzo mbili, unapata mita 12.2 za bomba. Bomba la chuma la inchi nne lenye unene wa milimita tatu lina uzito wa kilo saba na ushei kwa kila mita. Maana yake sura ya mbele peke yake ni karibu kilo 90, na zaidi ya kilo 50 kati ya hizo ziko juu, kwenye mtambaa panya.

Sasa chukulia fundi ameweka fremu ya chini kwa bomba jembamba la inchi mbili, ikirudi nyuma mita moja na nusu. Bomba la nyuma linalolala chini lina kilo 26 hivi, na yale mawili ya pembeni kwa pamoja kilo 11. Goli zima ni kama kilo 125. Ukilitazama unasema hili haliendi popote.

Ukweli uko kinyume. Goli likitaka kuangukia mbele, linageukia kwenye miguu ya nguzo zake. Zile kilo 90 za mbele zimesimama juu kabisa ya mstari huo wa kugeukia, hivyo hazisaidii kitu kulizuia. Linashikiliwa na bomba la nyuma tu pamoja na yale ya pembeni. Ukipiga hesabu ya mizani, kuuvuta mtambaa panya kuelekea mbele mpaka goli lianze kunyanyuka nyuma kunahitaji nguvu ya kilo 20 hivi.

Kilo 20 ni ndoo moja ya maji. Mtoto wa Manundu anayechota maji asubuhi anainyanyua ndoo hiyo kila siku. Kwa hiyo anayo nguvu ya kuliangusha goli la kilo 125 bila kujua kama anaweza.

Na likishaanza kulala, zile kilo 90 ambazo hazikusaidia kulizuia ndizo zinazoongoza kwenda chini. Mtambaa panya unaotoka mita 2.44 unafika ardhini ukiwa na kasi ya kilomita 20 hivi kwa saa. Ni kama kugongwa na bodaboda, ila bodaboda hii haina breki na inatokea juu.

Tatizo jingine ni namna mtoto anavyoanguka. Anarukia mtambaa panya, anabembea, goli linamfuata, mikono inateleza, anatua kwa mgongo akiwa anatazama juu. Bomba linamfuata palepale alipo, kichwani au kifuani. Hata angekuwa mwepesi kama golikipa, hana pa kurukia.

WALIOLIPA BEI HIYO

Nchini Marekani, tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ilipokusanya taarifa za miaka ya 1979 hadi 1994, ilikuta vifo visivyopungua 21 vilivyotokana na magoli ya kuhamishika kuanguka. Mwaka 1995 ikatoa mwongozo wa namna ya kuyatengeneza na kuyafunga. Karibu magoli yote yaliyohusika hayakuwa yamefungwa ardhini au yalifungwa ovyo. Mengi yalikuwa ya kutengenezwa nyumbani: na karakana za shule, na watunza majengo, na mafundi wa kuchomelea wa mitaani. Yalikuwa mazito sana na yasiyotulia.

Fundi wa Korogwe akisoma maelezo hayo atadhani yameandikwa kuhusu kazi ya mtaani kwake.

Sababu za kuanguka nazo zilifanana: watoto waliopanda, waliobembea, waliofanya mazoezi ya kujivuta kwa mikono, upepo mkali, na watu waliokuwa wakilihamisha goli wakiwa wachache.

Mwaka 2003, katika jimbo la Illinois, mtoto wa miaka sita alifariki baada ya kuangukiwa na goli la kuhamishika. Wazazi wake hawakukaa kimya. Mwaka 2011 jimbo hilo likapitisha sheria iliyopewa jina lake, Zach's Law, inayohusu usalama wa magoli hayo.

Uingereza nayo ilipoteza watoto kwa njia hiyo. Chama cha soka cha nchi hiyo kikaja na masharti: goli la kuhamishika lishikiliwe kwa vigingi au uzito, na magoli ya kujitengenezea yasitumike. Kuanzia msimu wa 2007/08 kikapiga marufuku hata ndoano za chuma za kufungia nyavu, kwa sababu zilikuwa zikichana mikono na vidole vya wachezaji.

Sheria ya kwanza ya soka yenyewe, inayotumika Manundu sawasawa na Wembley, inasema magoli yote, pamoja na ya kuhamishika, lazima yafungwe ardhini kwa uthabiti. Kwa hiyo mwamuzi wa ndondo anayepuliza kipenga goli likiwa linayumba anakuwa amevunja sheria kabla mpira haujaguswa.

MZIGO UNAKAA WAPI?

Dawa yake haina siri. Nyuma ya goli pawekwe uzito wa kulishikilia, ule ambao watu wa mitambo wanauweka nyuma ya winchi ili isiangukie mbele inaponyanyua. Ishu ni kiasi gani na mahali gani, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Rudi kwenye goli letu la kilo 125. Weka juu ya bomba la nyuma mifuko miwili ya mchanga yenye kilo 50 kila mmoja. Nguvu ya kuliangusha inapanda kutoka kilo 20 hadi kama 80, yaani kutoka ndoo moja mpaka nne. Weka kilo 150 mahali hapohapo, inavuka kilo 110.

Sasa chukua ile mifuko miwili, uisogeze katikati ya mabomba ya pembeni. Uzito ni uleule na jasho la kuibeba ni lilelile, lakini nguvu ya kuliangusha inashuka hadi kilo 50. Ukiivuta zaidi mpaka kwenye miguu ya nguzo za mbele, umerudi kwenye ndoo moja. Utaona mifuko imepangwa vizuri, utaamini goli liko salama, na goli liko vilevile kama jana.

Kwa hiyo kanuni ni moja: mzigo uende nyuma kabisa, na ufungwe hapo. Tofali lililowekwa juu ya bomba bila kufungwa litabaki chini goli linapoinuka. Kamba ya manila iliyokazwa vizuri, au mnyororo, ndiyo inayoufanya mzigo uwe sehemu ya goli.

Vifaa vya kufanyia kazi hiyo viko kila mtaa. Tofali la saruji la inchi sita linakaribia kilo 30. Ndoo ya lita 20 ikijazwa zege inafika kilo 48 hivi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukijazwa mchanga mkavu unarudi kwenye uzito wake au unauzidi kidogo. Tairi kuukuu, ambalo kwenye mji wa barabara kuu halikosekani, likijazwa zege na kuachwa na kitanzi cha nondo katikati, linakuwa mzigo mzuri zaidi kwa sababu ukingo wake ni mpira. Mchezaji akiteleza na kuligonga haumii kama angegonga kona ya tofali. Usikisie uzito wake. Lipeleke kwenye mizani ya sokoni, andika kilo kwa rangi ubavuni.

Mifuko ya salfeti ina ugonjwa wake. Jua linaila. Baada ya miezi michache nyuzi zinakatika, mchanga unavuja polepole, na mfuko uliokuwa na kilo 50 Januari unaweza kuwa na nusu yake wakati wa fainali. Anayeitumia lazima aiangalie kila wiki na kuibadilisha.

Vigingi navyo vinasaidia, ila vinategemea udongo. Kigingi kilichogongwa kiangazi kwenye ardhi kavu kinashika kama msumari. Masika ikinyesha na uwanja wa bondeni ukalowa, kigingi hichohicho kinang'oka kwa mkono mmoja. Anayetumia vigingi aweke na mzigo.

Na kama uwanja ni wa mpira tu, hakuna haja ya kuhangaika. Chimbia nguzo, zimimine zege, yaishe. Ila goli la kuchimbiwa nalo lina sehemu yake ya kufia: pale chuma kinapokutana na udongo. Maji yanakaa hapo, kutu inakula kwa ndani, rangi ya juu inaficha. Nguzo za mbao zinaliwa na mchwa mahali hapohapo. Kila mwanzo wa msimu mtu akwaruze rangi kwenye shingo hiyo, agonge kwa nyundo na kusikiliza. Sauti ikiwa butu, au nyundo ikiacha bonde, goli hilo lisichezewe.

KULIBEBA NI KAZI YENYEWE

Ajali nyingine hutokea wakati wa kulihamisha. Saa kumi na nusu jioni, timu zimeshachelewa, mtu anapaza sauti: "Haya wadogo, shikeni huku!" Watoto kumi wanakimbilia mtambaa panya. Huo ndio mwanzo wa msiba.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebe kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55. Wabeba mizigo waliozoea lumbesa watacheka, ila migongo yao ikifika miaka hamsini haicheki. Kwa kipimo hicho goli la kilo 125 lingehitaji watu watatu. Uwanjani watatu hawatoshi hata kidogo, kwa sababu goli ni refu, linapinda, ardhi ina mashimo, na mmoja akijikwaa uzito wake wote unawaangukia waliobaki. Watu wanane wazima ndiyo idadi ya kuanzia, na hapo hakuna mtoto hata mmoja.

Mpangilio wake ni huu. Kwanza, mtu mmoja tu ndiye anayetoa amri. Wengine wanafunga midomo. Makuli wanaopakia marobota ya mkonge ya kilo 250 wanalijua hilo kuliko kocha yeyote: wawili wakihesabu kwa wakati mmoja, kidole cha mtu kinaondoka.

Pili, kabla mzigo wa nyuma haujafunguliwa, watu wawili wasimame juu ya bomba la nyuma. Hao ndio wanaokuwa mzigo kwa muda. Mifuko ikishaondolewa, walioko mbele wanaupokea mtambaa panya na goli linalazwa kifudifudi polepole, si kuachiwa lianguke. Hakuna anayepita chini yake.

Tatu, libebwe likiwa limelala, njia ikiwa imeshakaguliwa mashimo na mawe. Wote wanachuchumaa, migongo imenyooka, wananyanyuka kwa miguu kwa hesabu ya msemaji mmoja. Hakuna kujipinda kiuno na mzigo mkononi; anayetaka kugeuka ageuze miguu.

Nne, likifika na kusimamishwa, wale wawili wanarudi juu ya bomba la nyuma na hawashuki mpaka mzigo wa mwisho umefungwa. Goli halisimami peke yake hata kwa dakika moja ya kunywa maji.

Mizigo yenyewe pia inaumiza. Mfuko wa kilo 50 ubebwe na wawili, au tangu mwanzo ijazwe mifuko ya kilo 25. Tofali linashikwa karibu na tumbo, halirushwi kutoka mkono hadi mkono. Na ndala si kiatu cha kazi hii.

Mechi ikiisha, magoli mawili yasogezwe yatazamane, yafungwe pamoja kwa mnyororo na kufuli, au yalazwe kifudifudi. Watoto wanakuja uwanjani saa ambazo kocha hayupo: asubuhi ya Jumapili, mchana wa likizo, jioni baada ya madrasa. Goli lililoachwa limesimama bila mzigo linawasubiri wao.

KUTOKA NDONDO HADI VIWANJA VYA AFCON

Kanuni hii ya mzigo wa nyuma haiishii kwenye goli la mtaani. Tanzania, Kenya na Uganda zinajiandaa kuwa wenyeji wa AFCON 2027, na Arusha kunajengwa uwanja wa kuchukua watu 30,000. Kila kipande cha paa la uwanja kinanyanyuliwa na winchi ambayo nayo inasimama kwa sababu ya mzigo uliopangwa nyuma yake na ardhi iliyo chini yake.

Novemba 27, 2013, mjini São Paulo, winchi kubwa ilikuwa inapandisha kipande cha mwisho cha paa la Arena Corinthians, chenye uzito wa tani 420. Ilianguka na kuua wafanyakazi wawili. Zilikuwa zimebaki wiki chache kabla ya siku ambayo FIFA ilitaka viwanja vikabidhiwe, na presha ilikuwa kubwa. Juni 12, 2014, Brazil waliifunga Croatia 3-1 hapohapo kwenye mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia, na wengi waliokuwa wakishangilia hawakujua kuhusu watu wale wawili.

Kwa winchi na vifaa vya kunyanyulia, Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA ndiyo inayosimamia ukaguzi. Goli la ndondo halina mkaguzi wa namna hiyo. Linakaguliwa na kamati, kocha, mwalimu wa michezo na mwamuzi, au halikaguliwi na mtu yeyote.

DAKIKA TANO KABLA YA KIPENGA

Ukaguzi wenyewe hauchukui muda mrefu kuliko kupasha misuli. Mtu mzima asimame nyuma ya goli, ahesabu mizigo na kuona kama iko kwenye bomba la nyuma na imefungwa. Kisha watu wazima wawili wasimame nyuma ya bomba hilo, tayari kulikanyaga kwa tahadhari, na wa tatu, akiwa pembeni kabisa ya njia ya goli, auvute mtambaa panya kwa kamba kuelekea mbele. Bomba la nyuma likijaribu kunyanyuka, wale wawili walikanyage mara moja. Mzigo uongezwe.

Maungio yaliyochomelewa yaangaliwe moja baada ya jingine kama yana ufa. Nyavu zifungwe kwa kamba, si kwa ndoano wala misumari iliyopindwa. Na iandikwe kwa rangi nyekundu kwenye nguzo zote mbili, kwa Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la pili anakisoma: USIPANDE. USIBEMBEE.

Fundi naye ana nafasi yake tangu siku ya kwanza. Mteja akija kuagiza goli la kuhamishika, fundi amuulize mzigo wa nyuma utakaa wapi, achomelee vitanzi vya kufungia palepale, na asiifupishe fremu ya nyuma ili kubana bomba. Kila sentimita inayokatwa nyuma inalifanya goli liwe rahisi zaidi kuanguka, na mteja hataiona tofauti kwa macho.

Kamati inayoweza kutafuta mbuzi wa bingwa, jezi za timu mbili na nauli ya mwamuzi haiwezi kushindwa na mchanga. Kazi iliyobaki ni ya kupanga majina tu: nani anafunga mzigo kabla ya mechi, nani anakagua, na nani anabaki na ufunguo wa mnyororo jioni watu wakiondoka. Majina hayo yaandikwe kwenye daftari lilelile la ratiba ya ndondo, juu ya orodha ya wachezaji.